Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Vifaru vya Mataifa Madogo

Mwanzoni mwa mwezi wa Juni, mwaka 1940, jeshi la Waingereza lilipomaliza kuvuka bahari kutoka Dunkirk katika Ufaransa, askari wengi walikuwa wameokoka, lakini karibu vifaru vyote walivyokuwa navyo huko vilibaki mikononi mwa Wajerumani. Hasara hiyo haikuwa ya Uingereza peke yake. Zilikuwako nchi nyingi ndogo ambazo tangu zamani zilinunua silaha zao kwa mataifa makubwa, kama mkulima anunuavyo jembe dukani. Na sasa mwenye duka mwenyewe hakuwa na jembe la kulimia shamba lake. Nchi hizo hazikuwa na la kufanya ila kungoja zamu, na hakuna aliyejua zamu ingefika lini.

Wazee wamesema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi kila nchi ilitazama ndani ya nyumba yake ione ina fimbo gani karibu. Moja ilikuwa na malori, nyingine ilikuwa na matrekta, nyingine karakana za gari la moshi, na nyingine haikuwa na kitu ila nyara ilizomnyang'anya adui. Habari za vifaru vya mataifa makubwa, kama Sherman ya Wamarekani, T-34 ya Warusi na Tiger ya Wajerumani, zimejaa vitabuni. Hizi zifuatazo ni habari za vile ambavyo majina yake hayakuvuma. Vingine vilifanya kazi njema, vingine viliwachekesha watu, na vingine vilifika wakati vita vimekwisha kuwapita.

DERAYA, MZINGA NA MWENDO

Kwanza yafaa msomaji afahamu mizani ya kazi hii. Kifaru ni chombo chenye mambo matatu: deraya ya chuma ya kuwakinga watu walio ndani, mzinga au bombomu ya kumpigia adui, na injini yenye nguvu za kukipeleka. Mambo hayo matatu hugombana daima. Ukiongeza unene wa chuma, uzito huzidi na mwendo hupungua. Ukitaka mzinga mkubwa, huna budi kupanua kile kibanda kinachozunguka juu, ambacho ndicho kichwa cha kifaru, na hapo uzito huzidi tena. Ukitaka kwenda kasi, lazima upunguze chuma, na maisha ya watu walio ndani huwa hatarini. Gari la deraya ni ndugu mdogo wa kifaru: huenda kwa magurudumu ya mpira badala ya minyororo ya chuma, nalo ni jepesi, na kazi yake kubwa ni upelelezi.

Tena chuma cha deraya si kama chuma cha reli wala cha nondo za nyumba. Kina mchanganyiko wake, na namna yake ya kupashwa moto na kupozwa, ili kiwe kigumu kisipenywe na risasi, wala kisiwe kikavu hata kivunjike kama kigae. Nchi isiyo na tanuru na mafundi wa kazi hiyo haiwezi kuvipata kwa siku moja, hata ikiwa na fedha. Hapo ndipo palipokuwa na taabu ya mataifa madogo.

KIGARI CHA WAPOLANDI

Polandi haikuwa nchi ndogo kwa eneo lake, lakini ilikaa baina ya Ujerumani na Urusi kama mtu aliyejenga kibanda chake katika njia ya tembo. Katika miaka ya 1930 fedha zake hazikutosha kutengeneza vifaru vikubwa vingi. Kwa hiyo mafundi wake walichukua mfano wa kigari kidogo cha Kiingereza, wakakiunda upya kwa namna yao, wakatoa vigari vilivyoitwa TK-3 na TKS. Vyote pamoja vilizidi 500. TKS ilikuwa na uzito wa tani mbili na nusu na zaidi kidogo, ikachukua watu wawili tu, na kimo chake kilimfikia mtu mzima kifuani. Haikuwa na kichwa cha kuzunguka. Deraya yake haikuzidi milimita 10, na silaha yake ilikuwa bombomu moja. Vita vilipokaribia, vigari 24 tu ndivyo vilivyopata kupewa mzinga mdogo wa milimita 20, ambao uliweza kutoboa deraya ya vifaru vingi vya Wajerumani vya wakati ule.

Wajerumani waliingia Polandi tarehe 1 Septemba, 1939. Tarehe 18 ya mwezi huo, katika msitu wa Kampinos ulio karibu na mji wa Warsaw, kadeti mmoja aliyeitwa Roman Edmund Orlik, kijana aliyezaliwa mwaka 1918, alikificha kigari chake chenye mzinga wa milimita 20 katikati ya miti. Kwa kuwa kilikuwa kifupi, vichaka vilitosha kukisitiri. Vifaru vya Wajerumani vilipopita njiani karibu naye alivipiga, na husimuliwa kwamba vitatu viliharibika. Siku ya pili yake alipigana tena na vifaru vingine. Hakuzuia kuanguka kwa Warsaw, ambao ulisalimu amri mwishoni mwa mwezi huo, wala hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kuuzuia. Lakini Orlik alikitumia kigari chake kwa kazi iliyokifaa: kujificha, kungoja, kupiga, kisha kuondoka. Waliokipeleka kigari kama hicho uwanjani peupe, kana kwamba ni kifaru kamili, walikufa ndani yake. Orlik mwenyewe aliokoka vita, akawa mchoraji wa ramani za majengo, akafa mwaka 1982.

Kitu kikubwa zaidi walichotoa Wapolandi kilikuwa kidogo kiasi cha kuchukuliwa mkononi. Mtu aliye ndani ya kifaru ni kama mtu aliyefungiwa kisimani. Akifungua mlango atazame, huenda akapigwa risasi, na akiufunga haoni. Fundi wa jeshi aliyeitwa Rudolf Gundlach alitengeneza periskopu, yaani bomba lenye vioo vinavyopindisha mwanga, ambayo ilimwezesha mtazamaji kuona pande zote, hata nyuma yake, bila ya kugeuza mwili wake kitini. Chombo hicho kilitiwa katika vigari vya TKS. Kabla ya vita, Wapolandi waliwapa Waingereza ruhusa ya kukitengeneza kwa bei ya zloty moja tu, ambayo ni sarafu ya kwao, kuwa dalili ya urafiki. Waingereza walikitia katika vifaru vyao, na mfano wake ukaenea kwa Wamarekani na kwa Warusi. Vigari vya Polandi vilikwisha katika wiki chache, lakini jicho lake liliendelea kupigana mpaka mwisho wa vita katika vifaru vya watu wengine.

TREKTA LENYE MABATI

New Zealand ilikuwa na watu wapatao 1,600,000 tu wakati ule, na vijana wake wengi walikuwa wamepelekwa kupigana mbali na kwao. Mwaka 1940 Wajapani walikuwa bado hawajaingia vitani, lakini hofu yao ilikuwako, nayo pwani ya New Zealand ni ndefu. Vifaru havikuwapo. Hata chuma cha deraya hakikupatikana.

Waziri wa Kazi za Serikali alikuwa Bob Semple, mtu wa maneno makali aliyepata kuwa mchimba migodi na kiongozi wa wafanya kazi. Idara yake, ambayo ilikuwa na kazi kama ile iliyofanywa na P.W.D. katika Kenya, ilikuwa na matrekta makubwa ya Caterpillar aina ya D8, yaliyotumika kuchimba barabara. Semple na fundi T. G. Beck walikata shauri la kuyafanya matrekta hayo kuwa vifaru. Kazi ilifanywa katika karakana ya idara hiyo mjini Temuka. Kwa kukosa deraya ya kweli, walitumia mabamba ya chuma yenye mikunjo kama mabati ya nyumba, kwa matumaini kwamba mikunjo ingepotosha risasi. Kwa kukosa mzinga, walitia bunduki sita za Bren.

Kitu kilichotoka humo kilikuwa kirefu kama nyumba, na uzito wake ulizidi tani 20. Watu wanane walipaswa kuingia ndani, na mmoja wao alilala juu ya godoro lililowekwa juu ya injini ili apige bunduki yake. Trekta limeundwa kwa kuvuta polepole, si kwa kukimbia, na kila dereva alipotaka kubadili gia alipaswa kulisimamisha kwanza. Nalo lilitikisika sana hata haikuwezekana kulenga shabaha. Lilipopitishwa mbele ya watu katika gwaride, wengi walicheka. Husimuliwa kwamba Semple aliwajibu wakosaji wake kwa kuwaambia kwamba hakuona mwingine yeyote aliyeleta shauri lililo bora zaidi.

Jibu hilo lisipuuzwe. Mtu aliyesikia hatua za mwizi uani, naye hana bunduki, hushika mchi. Hata hivyo jeshi lilikataa kuyatumia, na lilifanya vyema. Magari yaliyotengenezwa hayakuzidi manne. Baadaye Uingereza ilipoweza tena, ilipeleka New Zealand vifaru vya kweli aina ya Valentine.

LORI LA AFRIKA YA KUSINI

Vita vilipoanza mwezi wa Septemba, 1939, Afrika ya Kusini haikuwa na vifaru wala magari ya deraya ila machache ya zamani, yasiyozidi vidole vya mkono mmoja. Lakini ilikuwa na vitu vitatu ambavyo New Zealand haikuwa navyo pamoja. Ilikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, ISCOR, mjini Pretoria, ambacho kilijifunza kutoa mabamba ya deraya. Ilikuwa na karakana za Ford katika Port Elizabeth, zilizozoea kuunganisha malori kutoka vipande vilivyoletwa kwa meli. Tena ilikuwa na mafundi wa migodi na wa reli walioweza kukata na kulehemu chuma kinene.

Basi wakuu wake hawakutafuta kufanya kifaru. Walijiuliza nchi ina uwezo wa kufanya nini kwa haraka, wakajibu kwamba inaweza kufanya lori. Walichukua fremu ya lori la Ford la tani tatu pamoja na injini yake ya V8, wakaagiza kutoka kampuni ya Marmon-Herrington ya Marekani vyombo vya kuyawezesha magurudumu yote manne kuvuta, kisha wakalivika lori hilo mwili wa deraya yenye unene wa milimita 6 mpaka 12. Gari hilo likachukua jina la kampuni hiyo. Mpaka kazi ilipokwisha, magari zaidi ya 5,700 yalikuwa yametengenezwa. Mataifa mengi yenye sifa kubwa kuliko Afrika ya Kusini hayakufikia hesabu hiyo.

Habari hii inaigusa Kenya. Katikati ya mwaka 1940 Wataliani waliishika Uhabeshi na Somalia yao, na mpaka wa kaskazini wa Kenya ulikuwa mstari katika ramani tu, usio na boma la kutosha kuulinda. Majeshi ya Afrika ya Kusini yalianza kufika Mombasa mwezi wa Julai, na magari yao ya deraya yakaja pamoja nao. Tarehe 16 Desemba, 1940, yalishiriki katika kupigwa kwa El Wak, mpakani mwa Somalia, ambako askari wa Afrika ya Kusini na wa Gold Coast waliwatimua Wataliani kwa siku moja.

Watu waliopata kusafiri katika Wilaya ya Kaskazini wanajua kwamba huko adui wa kwanza wa gari si risasi. Kuna mawe meusi ya volkano yanayokata mipira, kuna mchanga wa jangwa la Chalbi, kuna miiba isiyohesabika, na maji ni machache kuliko petroli. Mwezi wa Februari, 1941, jeshi lilipopita upande wa Marsabit kwenda Mega katika Uhabeshi, mvua zilinyesha na njia zikawa matope. Mega ilitekwa tarehe 18 ya mwezi huo. Katika nchi kama ile, kifaru kizito kingalihitaji mafundi, vipuri na mafuta mengi kuliko yaliyokuwapo. Gari lililokuwa lori chini ya deraya yake liliweza kutengenezwa na fundi yeyote aliyejua lori, na kipuri chake kilikuwa kile kile cha lori linalochukua maji nyuma yake.

Upande wa mashariki, Kismayu ilishikwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25. Toka Mogadishu askari wa Nigeria walikwenda maili 744 mpaka Jijiga kwa muda wa siku 17. Tarehe 6 Aprili majeshi yaliingia Addis Ababa. Kikosi cha magari ya deraya cha Afrika ya Mashariki nacho kilikuwamo katika kampeni hiyo. Wala yasisahauliwe malori yaliyofuata nyuma. Madereva wengi wa Afrika ya Kusini waliochukua petroli, maji na risasi walikuwa watu wa Cape Corps, ambao serikali ya nchi yao haikuwaruhusu kuwa askari wa kupigana. Bila ya malori yao, magari ya deraya yangalisimama kabla ya kufika mto Juba.

Kutoka hapa magari hayo yalikwenda Libya. Huko upungufu wake ulionekana. Deraya yake ilikuwa nyembamba, na silaha yake, bunduki nzito ya kutoboa chuma pamoja na bombomu, haikutosha mbele ya Wajerumani. Askari hawakungoja barua kutoka makao makuu. Waling'oa vichwa vya magari yao, wakatia mizinga midogo waliyoiteka kwa Wataliani, kwa Wajerumani na hata kwa Wafaransa. Ndivyo gari la mafundi wa Pretoria lilivyoendelea kuundwa upya jangwani, na mikono ya wale wale waliolipanda.

CHUMA NA MTU

Katika vita hivyo vya Uhabeshi palitukia jambo moja lililoonyesha kwamba deraya si ngome isiyovunjika. Tarehe 19 Mei, 1941, karibu na Colito, kampani mbili za 1/6 K.A.R., batalioni ya Tanganyika, zilikuwa zimevuka mto Billate, nazo hazikuwa na silaha za kuzisaidia ila mizinga midogo ya mota. Wataliani wakawajia kwa vifaru. Hakukuwa na mzinga wa kuvizuia.

Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, alikuwa amekwisha maliza risasi za mota yake. Kifaru kimoja kilipotokea nyuma ya askari wake, aliruka juu yake, akafungua kwa nguvu mlango wa kichwa, akawapiga kwa bastola waliokuwa ndani, akamwacha dereva peke yake na kumlazimisha akipeleke mahali pa maficho. Alijaribu kuutumia mzinga wake, ukakataa. Akashuka, na pamoja na sajenti meja Mwafrika wa kampani yake na askari wengine wawili wakavinyemelea vifaru vilivyosalia. Viwili vilipita. Leakey akaruka juu ya cha tatu, akakifungua, akamwua mmoja wa waliokuwamo. Na hapo kifaru cha nne kikampiga kwa bombomu, akaanguka.

Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa kwake, mwezi wa Novemba, 1945. Sajenti meja yule na wale askari wawili walitajwa katika taarifa ya nishani hiyo kwa vyeo vyao tu. Majina yao hayakuandikwa. Lakini nao waliviendea vifaru kwa miguu.

NYARA ZA WAFINI

Ufini ilikuwa na watu wasiofika milioni nne, na ilipigana na Urusi mara mbili, kwanza kutoka Novemba 1939 mpaka Machi 1940, kisha kutoka 1941 mpaka 1944. Haikuwa na kiwanda cha vifaru, lakini msituni na njiani yalibaki magari mengi ya Warusi yaliyotekwa. Wafini waliyakokota, wakayasafisha, wakayapaka alama zao, wakayatumia.

Katika nyara hizo vilikuwamo vifaru vyepesi vya aina ya BT-7, vyenye mwendo wa kasi lakini mzinga mdogo. Tena ghalani ilikuwamo mizinga mifupi ya Kiingereza ya milimita 114, ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo Ufini ilipewa katika vita vyake vya kwanza. Mafundi wakafikiri: Hapa pana gari lisilo na mzinga mzuri, na hapa pana mzinga usio na gari. Wakajenga kichwa kipya kikubwa kama sanduku, wakavifunga pamoja, na kitu hicho kikaitwa BT-42. Vilitengenezwa 18.

Hesabu ilikuwa nzuri katika karatasi. Mzinga ule ulikuwa umeundwa kuwekwa chini na kurusha kombora juu angani liangukie mahandaki ya mbali; na ulipotumika kupiga maboma ya udongo na miti ulifaa. Lakini haukuundwa kupigana na kifaru ana kwa ana. Kombora lake na baruti yake vilitiwa mbalimbali, na kwa hiyo upakiaji ulikuwa wa polepole, nalo halikwenda kwa kasi ya kutoboa deraya nene. Mwezi wa Juni, 1944, Warusi walipoushambulia mji wa Viipuri, BT-42 zilipelekwa kupambana na vifaru vya T-34. Husimuliwa kwamba mmoja wao ulikipiga kifaru cha Warusi mara 18 bila ya kukisimamisha. Vinane viliangamia. Waliokuwamo walikuwa watu hodari wa nchi hodari, lakini walipewa shoka walipohitaji mkuki. BT-42 moja imehifadhiwa katika makumbusho ya vifaru ya Parola.

KAZI NJEMA ILIYOCHELEWA

Australia ilikuwa na watu wapatao milioni saba, na kabla ya vita haikuwa imepata kutengeneza kifaru hata kimoja. Yenyewe haikutaka lori lenye deraya wala trekta. Ilitaka kifaru kamili, kilicho sawa na vya mataifa makubwa, na jambo la ajabu ni kwamba ilikipata. Kiliitwa Sentinel, maana yake mlinzi.

Kwa kuwa hakukuwa na mitambo ya kutosha ya kukunja na kuunga mabamba manene, mafundi waliamua kuusubu mwili wote wa kifaru kwa kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu, ukatoka kipande kimoja. Hakuna taifa lililokuwa limefanya hivyo kabla yao. Kwa kuwa hakukuwa na injini moja yenye nguvu za kutosha, walichukua injini tatu za motakaa ya Cadillac, wakaziunganisha ziendeshe mhimili mmoja. Kazi hiyo iliongozwa na fundi Mfaransa, Robert Perrier. Vifaru viliunganishwa katika karakana ya reli ya Chullora, karibu na Sydney. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 28 na deraya iliyofika milimita 65. Wakati mzinga wake wa kwanza ulipoonekana mdogo, waliendelea kujaribu mikubwa zaidi. Ili wajue kama kichwa cha kifaru kingestahimili kishindo, walifunga mizinga miwili pamoja ndani yake, wakaipiga kwa wakati mmoja.

Ilikuwa kazi ya kujivunia, lakini wakati haukuwangoja. Kazi ilianza kufikiriwa mwaka 1940. Wajapani waliupiga Darwin kwa mabomu tarehe 19 Februari, 1942, na wakati huo Sentinel zilikuwa bado hazijaanza kutoka kwa wingi. Zilianza kutoka mwezi wa Agosti. Mpaka zilipofika 65, Marekani na Uingereza zilikuwa zimekwisha leta vifaru vingi kwa meli. Mwezi wa Julai, 1943, kazi ilisimamishwa, na chuma na mafundi wakapelekwa kwenye kazi nyingine. Hakuna Sentinel iliyopata kupigana. Baadhi yao zilionekana mwaka 1944 katika sinema ya vita vya Tobruk, zimepakwa rangi kuwa vifaru vya Wajerumani. Chelewa chelewa, wasema Waswahili, utamkuta mtoto si wako.

Lakini haifai kusema kwamba kazi ya Chullora ilipotea bure yote. Nchi iliyojifunza kusubu mwili mzima wa kifaru na kuunganisha injini tatu kuwa moja haikubaki vile ilivyokuwa. Mafundi walioifanya kazi ile walibaki, na ujuzi hauozi ghalani kama mahindi.

MIZANI YA MWISHO

Mtu akizipanga habari hizi mbele yake, ataona kwamba haikuwa akili nyingi iliyowatenga waliofaulu na walioshindwa, wala ushujaa, maana Mfini aliyekufa Viipuri hakuwa na moyo mdogo kuliko dereva aliyefika Addis Ababa. Waliofaulu walikuwa wale waliojiuliza mapema maswali mawili, wakajibu bila ya kujidanganya: Tuna nini mikononi mwetu? Na kitu hicho kinafaa kazi gani? Afrika ya Kusini ilikuwa na lori, ikaliacha liwe lori, ikalipa kazi ya upelelezi katika nchi pana isiyo na barabara. Orlik alikuwa na kigari kifupi, akakitumia kichakani. Lakini Ufini ililazimika kuupeleka mzinga wa mahandaki kwenye vita vya vifaru, na Australia ilianza kujenga nyumba ya mawe wakati mvua imekwisha onekana kilimani.

Mkulima anajua hesabu hiyo bila ya kufundishwa. Jembe jema ni lile linaloufaa udongo wa shamba lake, tena liko mkononi mvua zinapoanza. Lakini katika shamba, akikosea, atapoteza mavuno ya mwaka mmoja. Katika habari hizi waliolipa makosa walikuwa vijana wawili, watatu au wanane, waliofungiwa ndani ya sanduku la chuma walilopewa na wengine.

Ama yale matrekta ya New Zealand, hayakupata kumwua mtu wala kuulinda mji. Yalivuliwa mabamba yake na bunduki zake, yakarudishwa kwenye kazi ya kuchimba na kusawazisha ardhi. Na katika kazi hiyo, ambayo ndiyo yaliyoundiwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyacheka.